Waliokula Naye

Mama Vifaranga alikuwa akipepeta pumba nyuma ya nyumba aliposikia debe likigongwa upande wa bwawani. Mapigo ya haraka haraka, kimya kidogo, halafu mapigo mazito ya kumalizia. Mikono yake ilisimama na ungo ukiwa hewani. Hivyo ndivyo mumewe alivyokuwa akiwaita samaki kila alasiri, na mumewe alikuwa kaburini tangu mvua zilipokatika.

Aliutua ungo, akapita kati ya ghala na banda la kuku, akapanda tuta la bwawa. Hapakuwa na mtu. Debe lenyewe lilikuwa limening'inia palepale pa siku zote, kwenye nguzo ya kona ya mbali, limetulia tuli. Lakini maji chini yake yalikuwa kama yanachemka. Samaki wake, karpi wa kufugwa, walikuwa wamejazana pale mgongo juu ya mgongo, magamba yao makubwa yakimetameta, midomo yao ya duara yenye masharubu mafupi ikifunguka na kufumbika. Walikuwa wanangoja kupewa.

Yeye hakuwa na kitu mkononi. Alishuka tuta kinyumenyume, hakuthubutu kuwapa mgongo.

Jina la Mama Vifaranga alipewa na wateja. Yeye na mumewe hawakujaliwa mtoto, lakini hapakuwa na mtu pande zile aliyejua kulea vifaranga vya samaki kama yeye. Aliviatamia kwenye kibwawa kidogo cha pembeni, akavilisha uji mwepesi wa unga na kiini cha yai kwa kijiko, akavitazama kama mtu anayetazama maziwa jikoni yasifurike. "Una watoto maelfu," mashoga zake walikuwa wakimtania, "na hakuna hata mmoja wa kumtuma dukani." Naye alicheka nao, kwa sababu mume wake alikuwa mtu wa kumfanya mtu asione pengo.

Mume huyo watu walimwita Debe. Alikuwa mpole na mbishi kwa wakati mmoja. Kila msimu wa kupandikiza samaki, wenzake walimwaga vifaranga bwawani bila kipimo, wakiamini wengi wa kuingia ndio wengi wa kutoka. Yeye aliweka wachache, wapita njia wakamcheka kwamba anafuga maji. "Bwawa ni chumba cha kulala," alikuwa akiwajibu. "Mkibanana kitandani, nani atanenepa? Mtashinda mnasukumana tu." Mwisho wa msimu wao walivua samaki wembamba kama misumari, naye alivua wa kushikwa kwa mikono miwili.

Kulisha nako alikuwa na yake. Hakurusha chakula ovyo kama mtu anayerushia kuku. Alichanganya pumba na mashudu na dagaa wa kusaga, akakanda kwa maji kidogo hadi mchanganyiko ushikamane, akauweka kwenye sinia la mbao lililofungwa kamba na kulishusha majini mahali pale pale, saa ile ile, baada ya kugonga debe. Baadaye alilivuta sinia juu. Chakula kikibaki, kesho alipunguza. Kikiwa kimekombwa, aliongeza kiasi. Na kabla ya yote alizamisha mkono hadi kwenye kiwiko. Kama hakuona ncha za vidole vyake, alisema maji yameshiba, akarudi nyumbani na ndoo yake. Siku za mawingu mazito hakulisha kabisa. "Kilichobaki hakipotei," alimwambia mkewe. "Kinakwenda chini kuoza, na kitu kinachooza kinavuta pumzi kuliko kilicho hai."

Asubuhi aliyokufa alitoka nyumbani kabla ya kula, na gunia la chakula begani, akatengeneze kamba ya sinia iliyokatika. Daktari alisema baadaye kwamba moyo ulimsimama, kwamba maji yalimkuta amekwisha kwenda. Aliyemkuta ni mdogo wake, fundi wa pampu, ambaye watu walimwita Pampu na hakuona ubaya. Gunia lilikuwa limepasukia majini pamoja na kaka yake. Pumba zilikuwa zimemjaa nywele, kola, mifuko ya shati. Na karpi wote wa bwawa lile walikuwa wamemzunguka, wanamfyonza fyonza nguo kama wanavyofyonza tope. Hawakumwachia hata mchubuko, kwa maana karpi mdomoni hana meno. Lakini Pampu alisema jambo moja mbele ya waombolezaji na hakulirudia tena: "Walikuwa wanamla mifukoni."

Neno hilo lilitosha. Hakuna mteja aliyekuja tena kuulizia samaki wa bwawa lile. Mama mkwe, mshonaji wa sare za shule aliyekuwa akiishi nao, alisema kwa sauti ndogo, "Wale wamekula na mwanangu. Hawauzwi." Mama Vifaranga hakubisha. Kila alipougusa wavu aliurudisha ukutani. Naye Pampu, aliyekuwa mcheshi wa ukoo mzima, alibakiza mzaha mmoja tu mwaka ule: "Mimi na bwawa hilo tumeachana bila talaka."

Samaki wasiovuliwa hawakai bure wakangoja watu wamalize msiba. Msimu wa kuzaa ulipofika karpi walikwenda kwenye majani ya ukingoni wakataga. Miaka yote Mama Vifaranga ndiye aliyekuwa akiyatoa majani yale yenye mayai na kuyapeleka kwenye kibwawa chake. Safari hii hakuyatoa. Vifaranga vikaangukia kwenye bwawa la wakubwa, vikakulia humo, vikabanana na wazazi wao. Vichwa vikawa vikubwa, miili ikakonda. Wakachimba kingo kwa njaa hadi maji yakawa na rangi ya chai iliyolala. Yeye aliwarushia chakula kutoka tuta la karibu, harakaharaka, namna ile ile ambayo mumewe hakuitaka, kisha akaondoka mbio. Wachache tu walimjia. Wengine walikaa kona ile ya mbali, wameelekeza vichwa upande mmoja.

Debe lililia tena alasiri nyingine, na nyingine. Hatimaye alipiga moyo konde. Siku moja alitangulia mapema, akaketi nyuma ya ghala mahali anapoweza kuona tuta lote kwa upenyo wa mbao. Usingizi ulimpitia kidogo kwa joto. Mlio wa debe ulimzindua, na alipochungulia aliona mtu akitembea juu ya tuta. Alikuwa mama mkwe, amevaa ndala, amebeba sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine.

Mzee alifika kona ya mbali, akafunua sahani, akaanza kukimega chakula na kukitupa majini, tonge kwa tonge, bila haraka. Maji yakachemka.

"Mama," Mama Vifaranga aliita akiwa amesimama nyuma yake.

Mama mkwe hakushtuka. "Umekuja, mwanangu."

"Unafanya nini?"

"Namlisha."

"Unalisha samaki, mama."

"Wao wanapokea tu." Alimega tonge jingine. "Asubuhi ile alitoka hajala. Nilikuwa nimemwekea chakula mezani. Akaniambia, nitakula nikirudi, mama, wale wana njaa. Kile chakula nilikuja kukiondoa mezani kimepoa, watu wameshajaa uani. Tangu hapo kila nikipakua, mkono wangu unapakua sahani moja zaidi. Siutumi mimi. Sasa hiyo sahani niipeleke wapi? Nimpe mbwa?"

Mama Vifaranga aliketi juu ya tuta. Alitaka kusema kwamba maji yameshiba zamani, kwamba kila tonge linazidi kuwabana pumzi. Badala yake alisema, "Basi angalau usiligonge debe. Kila likilia moyo wangu unaruka."

Mama mkwe aligeuka, sahani mkononi. "Debe?" alisema. "Mimi debe silifikii hata nikiinua mkono. Nilidhani ni wewe unayegonga. Mimi huja kwa sababu nalisikia."

Wote wawili walitazama juu kwenye nguzo. Upepo haukuwepo, hata majani ya ukingoni hayakutikisika. Walishikana mikono, wakashuka tuta pamoja, wakaufunga mlango wa jikoni nyuma yao.

Baada ya siku ile hawakulizungumza. Debe lilipolia, mmoja alikohoa au aliburuta kigoda, na mama mkwe alichukua sahani yake akatoka. Mama Vifaranga hakumzuia. Siku moja alikwenda peke yake kona ya mbali, akazamisha mkono hadi kwenye kiwiko, na hakuona vidole, hakuona hata kifundo cha mkono. Ulikuwa kama mkono wa mtu aliyekatwa. Aliujua ubaya wa maji yale kama mtu anavyolijua jino lake bovu, akafanya kama wenye meno mabovu wanavyofanya: akangoja.

Halafu mawingu yakatanda, yakakaa siku kadhaa. Joto lilikuwa la kukaba, na hewa haikusogea. Mapambazuko ya siku moja aliamshwa na sauti za watu. Ilikuwa sauti ya umati unaonong'ona, kama waombolezaji uani kabla jeneza halijatolewa. Alifikiri bado anaota msiba wa mumewe. Alipofungua mlango sauti ilizidi, na ilikuwa ikitoka bwawani.

Alipanda tuta akiwa peku. Maji hayakuonekana. Bwawa zima, kutoka ukingo hadi ukingo, lilikuwa midomo. Karpi walikuwa wamepanda juu wote kwa pamoja, wanakodoa macho na kumeza hewa, na mlio wa midomo ile kwa pamoja ndio ulikuwa mnong'ono. Kila mdomo ulitamka neno moja, lile lile, tena na tena, naye hakutaka kusikia ni neno gani. Ukingoni baadhi walikuwa tayari wamegeuza matumbo meupe.

Alikimbia hadi kwa shemeji yake, ng'ambo ya barabara. Pampu alikuwa amekaa mlangoni mwa karakana yake akipiga mswaki.

"Shemeji, beba pampu. Wanakata roho."

Alitema povu. "Waache."

"Shemeji."

"Waache wafe, shemeji. Wafe wote, yaishe. Nitakuja na koleo kuwazika, hata leo."

"Wakifia mle wote maji yataoza, na kisima cha watu kiko chini ya tuta." Hakuona uso wake ukibadilika. "Na mama ataamka sasa hivi. Atakwenda pale awaone wanaelea. Unataka aone ulichokiona wewe?"

Pampu alisukutua mdomo taratibu. Kisha akaingia ndani, na aliporudi alikuwa amejitwisha mashine begani na mpira umemzunguka shingo.

Waliiweka pampu juu ya tuta. Mpira mmoja ulivuta maji kutoka bwawani, mwingine uliyarusha juu ili yarudi kama mvua, yakiwa yamebeba hewa. Mama Vifaranga alifungua mlango wa mfereji kuingiza maji mapya, ingawa mfereji wenyewe ulikuwa umebaki na maji kidogo. Muda wote Pampu alilipa bwawa mgongo, kana kwamba nyuma yake kulikuwa na mtu anavua nguo. Halafu mpira wa kuvuta ukachomoka, mashine ikaanza kupiga kelele kavu. Mtu alihitajika kuingia majini, na Mama Vifaranga alikuwa kule mferejini, mbali.

Alimwona shemeji yake akisimama ukingoni na suruali imekunjwa. Alimwona akiingia hadi magotini. Samaki hawakumkimbia, kwa kuwa hawakuwa na nguvu za kukimbia. Walimgusa gusa miguu kwa midomo yao. Kisha akainama, akaupapasa mpira topeni, akauchomeka mahali pake. Hakutoka. Alibaki mle mle akiushikilia hadi jua lilipotoboa mawingu na midomo ikaanza, mmoja mmoja, kuzama.

Mama mkwe alikuwa amekwisha kufika. Alisimama juu ya tuta na sahani yake.

"Wamepona?" aliuliza.

"Kwa leo," Mama Vifaranga alisema. "Kesho watapanda tena juu. Chumba kimejaa, mama. Hata tusipowapa punje moja, wataishiwa pumzi. Lazima tuwapunguze."

"Hamtawatoa."

"Mama, mwanao angekuwa amewatoa zamani. Hakuwahi kufiwa na samaki kwa kukosa hewa, hata mmoja. Hawa wanakufa mikononi mwetu."

"Na mkiwatoa," mama mkwe alisema, "yeye ataliwa na nani? Nitamlishia nani? Atakuwa wapi?" Maneno yalimchanganyikia mdomoni.

Mama Vifaranga alitikisa kichwa. "Sijui, mama."

Pampu ndiye aliyesema, bado akiwa majini. "Hayumo humu. Mimi ndiye niliyemtoa. Nilimbeba kwa mikono hii, alikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Nilimtoa pumba puani, nikamtoa masikioni. Nilipapasa hata chini kutafuta kiatu chake, nikakipata. Sikuacha kitu humu, mama. Nakuapia."

Mzee alimtazama mwanawe mdogo kwa muda mrefu, kama anamhesabu. Hakuwa amewahi kumsikia akiyasema. Akainama, akaiweka sahani juu ya majani.

"Mtawakamataje?" aliuliza. "Ukiwakokota na hali hii watakufia wavuni."

Alasiri, samaki walipokuwa wamepata nguvu, watu hao walitandaza wavu chini ya maji kwenye kona ya mbali, Pampu kwenye kamba za upande mmoja na Mama Vifaranga upande wa pili. Pampu alilishusha debe kutoka kwenye nguzo, akamkabidhi mama yake pamoja na kijiti cha kuligongea. Mama mkwe alilishika kifuani. Halafu akagonga: mapigo ya haraka haraka, kimya kidogo, mapigo mazito. Hakuna aliyemfundisha. Uso wake ulikuwa umelowa, lakini mkono haukukosea.

Karpi wakaja. Walikuja kutoka kila upande, mistari ya migongo ikipasua maji, wakajaa juu ya wavu bila shaka yoyote moyoni. Mama Vifaranga alihisi kama anamsaliti mtu aliyemwamini. Akavuta. Pampu akavuta. Wavu ukapanda, na uzito wake ulikuwa wa kutisha.

Walirudia hadi jua lilipoanza kulala. Wadogo walikwenda kwa wafugaji waliokuwa na mabwawa matupu, kwenye mapipa ya maji, na Mama Vifaranga alimwambia kila mmoja asizidishe, ingawa alijua hawatamsikia. Wakubwa waliwekwa kwenye matenga kando ya barabara. Watu walikuja, wakasimama mbali kidogo, wakatazama. Mke wa mchinjaji ndiye aliyesogea.

"Ni wale?" aliuliza.

"Ni wale," Mama Vifaranga alijibu.

Mwanamke yule alitafuna midomo. "Basi nichagulie mnene."

"Hakuna mnene, dada. Wote wamekonda."

"Nitawakaanga hivyo hivyo. Njaa ya wanangu haichagui." Baada yake wengine wakasogea.

Bwawani walibaki wachache. Walipunguza maji hadi nusu, wakaondoa tope jeusi lililonuka mayai, wakaingiza maji mapya mfereji ulipojaa. Pampu alitengeneza sinia jipya la mbao, na akawa anakuja kulivuta yeye mwenyewe, analalamika kwamba samaki wa shemeji wanakula kuliko yeye. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mzaha ule wa talaka watu kumsikia akitania. Msimu uliofuata karpi wale walinenepa, wakawa na migongo mipana. Wale wanawake wawili waliendelea kulisikia debe mara chache, alasiri tulivu, ingawa sasa lilikuwa limefungiwa ghalani. Mama mkwe aliinua kichwa kutoka kwenye cherehani, akasikiliza, kisha akakanyaga pedali akaendelea. Hakuchukua sahani. Mama Vifaranga naye hakukohoa tena. Aliacha mlio upite mpaka uishe.

Lakini jioni ile ya kuvua, baada ya matenga kwisha, alikuwa amerudi nyumbani akamkuta mama mkwe jikoni na samaki mmoja ubaoni. Alikuwa amemparua magamba, amemkata chale za karibu karibu kama anavyokatwa karpi ili miiba midogo ilainike kwa mafuta. Hakuna aliyemwomba. Alimkaanga polepole, akampakua. Pampu alikataa kuingia. Aliketi kizingitini akikausha mashine yake kwa kitambaa, akiwasikiliza.

Wanawake walikaa mkekani, samaki katikati. Mama Vifaranga hakuweza kuunyosha mkono. Mama mkwe akamega kipande cha ubavuni, akakichambua kwa vidole vyake vya ushonaji, akitoa mwiba mmoja mmoja na kuupanga kwenye ukingo wa sahani. Kilipokuwa safi alikiinua hadi kwenye mdomo wa mkwe wake.

"Kula," alisema. "Tangu asubuhi hujatia kitu tumboni."

Mama Vifaranga alifungua mdomo. Nyama ilikuwa na ladha ya tope, na ya chumvi. Alitafuna, akameza, na mama mkwe akainama tena juu ya sahani kumchambulia kingine.